Maneno Sita Chini ya Picha

4 Machi

Mpwa wangu Sisimizi,

Shikamoo yako ya Januari niliipata, na marahaba yake naituma leo, imechelewa lakini ni nzima. Hatujambo sote, isipokuwa goti la mama yako, ambalo siku hizi ndilo linaloamua nani aende sokoni. Mama Mkubwa wako hajambo, na sauti yake haijambo zaidi. Yuko mtaa wa pili, lakini akitupigia simu tunamsikia hata kabla ya kupokea. Binti yangu muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto na anasema afadhali watoto, wanalia wakiumwa tu. Kaka yako dereva yuko njiani na lori lake kama kawaida, leo huku kesho kule.

Asante kwa picha. Miezi saba tangu uondoke tulikuwa hatujaona hata kivuli chako, halafu bahasha inafunguliwa na wewe huyo, umesimama mbele ya karakana yenu ya meno ya bandia pamoja na yule mama unayemwita Fundi Mkuu, unacheka. Mama yako aliishika picha ile mpaka pembe zikalegea. Ulisema simu umeiacha, sababu hukusema, nami sikuuliza. Mimi ni mtu wa karatasi, barua hazinisumbui.

Sasa sikia mambo yangu. Tangu nilipostaafu ukutubi, masanduku kumi na moja ya picha za ukoo yalikuwa chini ya kitanda yakinisuta. Desemba mtu mmoja mwenye moyo mzuri, ambaye ameniomba nisimtaje, alinipa skana. Nimeshaingiza picha elfu nne kwenye tovuti, na ndugu wote, wa karibu na wa mbali, wanaziona. Lakini utamu si picha. Utamu ni lebo.

Vijana wanaziita tagi. Chini ya kila picha kuna mahali pa kuandika neno, na yeyote anaweza kuandika. Miaka thelathini na moja maktabani nilikuwa peke yangu ninayeamua kitabu kinaitwaje na kinakaa wapi. Mtu akija kuuliza habari za nyuki, kumbe mimi nilikwisha kukiweka kitabu kwenye kilimo, anaondoka mikono mitupu. Huku sivyo. Mama Mkubwa wako aliandika "harusi ya mvua" kwenye picha moja, wakwe zetu wakaandika hivyo hivyo kwenye za kwao, na leo ukibonyeza maneno hayo harusi nzima inakusanyika kutoka nyumba tano, pamoja na yule mpiga picha aliyeteleza kwenye tope. Hakuna aliyewapanga. Kila mtu katia neno lake moja tu. Nililia mbele ya kompyuta, na hilo usimwambie mtu.

Mlango wa tovuti nimeuacha wazi, hauna nywila, maana Mama Mkubwa amekwisha kusahau nywila nne na ya tano akasema ni mimi niliyembadilishia.

Picha yako nimeiweka nayo. Nimeandika lebo tatu: "Sisimizi", "kazini", "tabasamu". Wengine wanaongeza. Kuna mmoja anajiita Jirani wa Zamani, simjui, lakini ana bidii kuliko wote na anauliza maswali ya mtu anayejali: hapa ni wapi, huu ni mwaka gani. Mkutubi gani asingempenda mtu wa namna hiyo?

Mumeo hupita kutusalimu. Anasema anangoja umalize mafunzo yako urudi. Nimjibu nini?

Mjomba wako, ambaye sasa wanamwita Mzee Lebo

---

19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa goti la mama, mwambie akande kwa maji ya moto na asijifanye kijana. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, wiki hii tuna taya kumi na nne za kumaliza, na Fundi Mkuu anasema mkono wangu umeanza kuwa mwepesi.

Mjomba, naomba uiondoe ile picha. Leo, ukishasoma mstari huu, kabla ya mwingine. Usingoje Jumapili, usimwulize Mama Mkubwa. Iondoe kabisa.

Naomba pia usinitaje mahali popote pale, na nambari ya sanduku hili la barua usimpe mtu. Hata mama. Najua linakushangaza. Siwezi kulieleza kwenye karatasi, na sitaki ulifikirie vibaya, si deni wala si aibu.

Huyo Jirani wa Zamani ni nani? Jirani gani? Wa nyumba ipi?

Kuhusu uliloniuliza mwishoni, usimjibu kitu.

Mpwa wako

---

6 Aprili

Sisimizi wangu,

Barua yako ilinikosa. Nilikuwa kwa Mama Mkubwa siku kumi na mbili, amepaka nyumba rangi na akataka mtu wa kumlalamikia kuhusu mafundi. Sanduku la posta nimelifungua jana tu. Usinikasirikie.

Na mimi nisikufiche, umeniumiza kidogo. Picha moja tu, unacheka, watu wameifurahia, halafu unaniandikia kama mtu anayezima moto. Lakini nimekutii. Nimeondoa jina lako. Lebo ya "Sisimizi" haipo tena chini ya picha ile, na ukibonyeza jina lako haiji. Maktabani kitabu kikikosa kadi yake huwa kimepotea hata kama kiko rafuni mbele ya macho yako. Niliwahi kutafuta kamusi ya tiba miaka sita na ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Basi jihesabu umepotea. Picha yenyewe sikuifuta, mkono haukukubali. Sijawahi kutupa kitu kilichoingia mikononi mwangu.

Ungeona ndugu zako walivyoichangamkia, usingesema tuiondoe. Mama Mkubwa ameona zile taya za plasta zilizopangwa dirishani nyuma yenu, akaandika "meno". Binti yangu ameandika "koti la waridi", anasema hajaona fundi mwingine anayevaa rangi hiyo. Mama yako, kwa kidole kimoja na miwani miwili, ameandika "ngazi za chuma", kwa sababu anaogopa usije ukateleza. Na kaka yako dereva ameandika "tangi la maji". Kasema tangi lile lenye mistari anapita chini yake kila mwezi. Ukijumlisha na "kazini" na "tabasamu" zangu, ni maneno sita. Picha yenye maneno sita ni picha inayopendwa.

Jirani wa Zamani simjui hadi leo, lakini chini ya lebo ya kaka yako ameuliza: tangi hili liko mji gani? Kaka yako hajajibu, yuko njia isiyo na mtandao.

Mumeo alikuja Jumapili na karatasi za mashine yangu ya kuchapishia. Alikaa muda mrefu, akatazama picha moja moja. Aliniambia, "Mjomba, kazi hii inawaunganisha watu." Sikumwambia kwamba tunaandikiana. Hilo umeniomba, nami nimelishika.

Mjomba wako

---

14 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mama hajambo. Naruka salamu nyingine, utanisamehe.

Jana baada ya kazi nilikwenda duka la intaneti. Sikuandika jina langu. Niliandika "meno", "ngazi za chuma", "tangi la maji", nikabonyeza. Picha ya kwanza kuja ilikuwa mimi. Haikuwa ya pili wala ya tatu. Nilizima kompyuta ya watu bila ruhusa na mwenye duka akanifokea.

Umeondoa jina, Mjomba, lakini jina ndilo neno pekee ambalo halikuwa na kazi. Yeye analijua jina langu. Anachotafuta ni mahali, na mahali mmemwandikia nyinyi, kila mtu kipande chake, kwa upendo. Karakana za meno ya bandia si nyingi. Zenye ngazi za chuma nje ni chache zaidi. Zilizo chini ya tangi la mistari ni hii hapa.

Nilisema siwezi kulieleza kwenye karatasi. Sasa naeleza, kwa sababu naona kunyamaza kwangu ndiko kulikompa nafasi.

Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, si yangu. Agosti niliwaambia nilianguka ngazini. Sikuanguka. Ilikuwa jikoni, nilikuwa naosha vyombo, na kosa langu lilikuwa kucheka na mtu kwenye simu. Hakukasirika baada ya pale. Alifuta sakafu, akaniambia kwa upole kwamba nikiondoka atanifuata mpaka mahali nitakapokuwa nimesimama, na hapo hatanivunja meno tu. Huyo ndiye mume wangu mnayempa chai.

Nilikuja mji huu kama mteja. Nilikaa kwenye kiti cha Fundi Mkuu na kitambaa mdomoni. Hakuniuliza kitu. Alinichukua kipimo, akaniambia njoo Alhamisi. Alhamisi nilipokuja sikuwa na pa kurudi, akanipa koti. Meno haya unayoyaona pichani ni ya pili, nimeyatengeneza mwenyewe. Nta, plasta, kusaga, kung'arisha. Tabasamu ulilolitilia lebo, Mjomba, nimelichonga kwa mkono.

Juzi mwanamume alipiga simu karakana. Aliuliza tunafungua saa ngapi, na kama ngazi zetu ni za nje, ati ana mgonjwa asiyeweza kupanda. Fundi Mkuu alimjibu kwa adabu kama anavyowajibu wateja wote. Hakuacha jina.

Kaka dereva asijibu lile swali. Naomba. Naogopa mpaka mikono inakataa kushika nta.

Mpwa wako

---

22 Aprili

Mwanangu,

Salamu sina. Nimeisoma barua yako nimesimama posta, na mtu wa dirishani akaniletea kiti.

Picha nimeifuta siku ile ile. Mkono ulikubali. Lakini nimechelewa, Mama Mkubwa alikwisha kuihifadhi kwenye simu yake na kuwatumia watu, na huyo mwingine bila shaka anayo tangu siku ya kwanza.

Kisha nilifanya jambo ambalo mkutubi angelifanya mwanzoni kabisa. Nilibonyeza jina la Jirani wa Zamani nione ameweka lebo kwenye picha zipi. Mia mbili na kumi na mbili. Zote zina wewe. Nyingine mimi mwenyewe sikujua kwamba umo: mkusanyiko wa watu arobaini na wewe umegeuka, sikukuu ya shule na kinachoonekana ni kiwiko nyuma ya bibi mmoja. Amekutambua kwa mgongo. Amekutambua kwa kiwiko. Chini ya kila moja ameandika neno lile lile, "wangu".

Na ile siri yangu ya mtu mwenye moyo mzuri, ni yeye. Skana ni yake. Alisema nisiwaambie, anataka ukirudi ukute picha zote kama zawadi. Wazo la kuacha mlango wazi nilikwambia ni kwa ajili ya Mama Mkubwa. Ni kweli alisahau nywila, lakini aliyesema "acha wazi tu, Mjomba, mnajuana wote" ni yeye. Nimemfanyia kazi miezi minne. Nilimpangia, nikamfutia vumbi, nikamshukuru.

Nimempigia kaka yako mara kumi na tisa. Simu imezimwa. Yuko njiani, na akipata mtandao atafungua ile tovuti kwa furaha, ataliona swali, maana limebaki kwenye ukurasa wa lebo yake hata baada ya picha kufutwa, na atalijibu, maana ni mtoto aliyelelewa kujibu akiulizwa. Nimeacha ujumbe kwa kila mtu anayeuza mafuta ya dizeli ambaye nambari yake naijua. Mama yako bado hajui. Ananiuliza kwa nini sili.

Nisamehe, ingawa sijui utaanzia wapi.

Mjomba

---

2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Usiache kula. Ukianguka wewe, mama atabaki na nani wa kumgombeza?

Hapa tunakaa mlango umefungwa. Mashine ya kusagia ina kelele na mimi siisikii ngazi, kwa hiyo Fundi Mkuu amefunga kopo lenye misumari kwenye ngazi ya tatu. Likilia nazima mashine. Jumanne lililia. Nilishika kisu cha nta nikajibana nyuma ya kabati la plasta, na Fundi Mkuu akafungua. Alikuwa mzee mmoja kaja kulalamikia meno ya mkewe, ati yanacheka yenyewe usingizini. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitapika.

Mlio wa simu nikiusikia nashtuka. Mtu akisimama upande wa pili wa barabara nahesabu anasimama kwa muda gani. Sijui nifunge mizigo au nimalize kazi. Nimechoka kuogopa, lakini kuchoka hakuniondolei.

Cheti cha hospitali cha Agosti kipo. Nilikificha ndani ya jalada la ile kamusi niliyokuachia. Nilijua ni kitabu pekee nyumbani humo ambacho huna haja ya kukifungua, maneno yote unajidai unayajua. Mpe dada muuguzi. Namruhusu akipeleke anakotakiwa kukipeleka.

Mpwa wako

---

13 Mei

Sisimizi,

Cheti kimepatikana pale pale. Mama yako amekisoma. Aliinuka na goti lake akatoa vikombe vyote ambavyo yule amewahi kunywea, akavitupa. Binti yangu amekwenda polisi na cheti, ameandikisha maelezo, faili limefunguliwa.

Kaka yako alipatikana siku ya nne, kwenye kituo cha mizani. Swali alikuwa ameliona na jibu amekwisha kuliandika, bado kubonyeza tu. Nilimwambia, "Futa." Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote. Akasema, "Mjomba, nisimjibu, au nimjibu mji mwingine?"

Basi hapo ndipo nilipofanya kazi niliyoapa sitaifanya. Kaka yako alichagua mji ulio siku mbili kwa basi upande usio wako, wenye tangi la mistari vile vile na usio na karakana ya meno hata moja. Tuliuliza kwanza, tusije tukampeleka kwenye mlango wa mtu asiye na hatia. Akalijibu swali: ni mji huo. Mama Mkubwa, ambaye tangu azaliwe uongo wake haudumu dakika mbili, akaweka picha ya soko fulani na kuandika "nilipomtembelea Sisimizi". Binti yangu akaandika "koti la waridi" kwenye picha ya duka la vitambaa la huko. Ndugu ishirini na sita, kila mtu neno lake moja. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikatia "meno" na "ngazi za chuma" kwenye picha mia tatu zisizo na jino wala ngazi, mpaka maneno yale yakawa hayana maana. Tovuti niliyoipanga kwa miezi minne niliivuruga kwa siku mbili. Mambo yalijipanga vizuri sana, Sisimizi, vizuri kama harusi ya mvua, na yote yalikuwa uongo.

Jumatano yule alikuja kuniaga. Begi mkononi, viatu vipya. Akasema, "Mjomba, nakwenda kumrudisha mtoto wenu." Nilimpa maji kwenye glasi ya plastiki kwa sababu vikombe hatuna, na maji yakamwagika nusu. Akanitazama mkono. Akaniuliza taratibu, "Lebo zile ni za kweli?"

Nilimwambia, "Mimi sijawahi kuandika lebo ya uongo maishani mwangu."

Aliniamini. Miaka thelathini na moja ya ukweli niliitumia yote kwa sentensi moja, na sasa sina akiba.

Basi ni siku mbili kwenda, akiulizauliza siku mbili tatu, na siku mbili kurudi. Barua hii kaka yako anaikimbiza mwenyewe kwa lori, posta ingechelewa. Una wiki. Ondoka.

Mjomba wako

---

29 Mei

Mjomba, shikamoo, na mama, na Mama Mkubwa, na wote ishirini na sita.

Barua hii inakuja na kaka dereva, kwa mkono, haina stempu. Nilipo sisemi, hata yeye hakufika, tulikutana njiani. Fundi Mkuu amenipa vifaa vyangu na barua ya kunitambulisha kwa fundi mwenzake. Nimeanza tena kwenye kiti cha mwisho, nasafisha vikopo.

Sanduku la zamani usiliandikie tena. Ukiwa na la kuniambia, mpe kaka, atajua.

Ndani kuna picha. Ni mimi tu na ukuta. Nimeipiga kwa ajili yako, kwa sababu ile ya kwanza ilikuponyoka. Nyuma sikuandika kitu.

Sisimizi

---

11 Juni

Mpwa wangu,

Hatujambo. Goti la mama yako linaendelea, rangi ya Mama Mkubwa imeanza kubanduka na mafundi wametoroka. Kaka yako atachukua barua hii Ijumaa.

Yule bwana amerudi. Tunajua kwa sababu polisi walimwita, akahojiwa, akaachiwa na ahadi ya kurudi tarehe ishirini. Binti yangu anafuatilia kila siku, mpaka wamemzoea pale kaunta. Amepita barabarani mara mbili bila kusalimu. Tovuti nimeifunga. Ndugu wananuna, wanataka harusi ya mvua yao, nami nawaambia kumbukeni kwa kichwa.

Picha yako nimeitazama siku tatu. Umenenepa kidogo, na jino la kushoto umelitengeneza upya, hili ni bora kuliko la kwanza. Nilichukua kalamu mara kadhaa niandike nyuma yake, mazoea ni kitu kibaya. Jina, mwezi, neno moja tu. Niliirudisha kalamu. Ni picha ya kwanza maishani mwangu niliyoiacha bila neno, na ndiyo ninayoijua kuliko zote. Barua iliyokuja nayo nimeichoma isije ikaonekana, niwie radhi.

Lakini mtu anayekutambua kwa kiwiko atausoma hata ukuta mweupe. Kwa hiyo nimeyavuta masanduku yote kumi na moja. Vikadi vya kutenganishia, nilivyovikata na kuviandika kwa miaka, nimevitoa vyote na kuvitia motoni. Halafu nimezichanganya picha zote, elfu nne, harusi na misiba na watoto wa shule, kama mtu anayekoroga uji. Yako imo humo katikati.

Nimeandika mpaka hapa na kuna hodi mlangoni. Naijua hodi yake, hupiga mara mbili halafu husubiri, mtu wa adabu. Mama yako amekwisha kutokea mlango wa nyuma kwenda kumwita Mama Mkubwa na mtaa mzima, na sauti ile ikianza watafika wengi. Naogopa, Sisimizi. Nakwambia wazi, magoti yangu yote mawili sasa yana cheo kama la mama yako.

Barua hii naificha ndani ya jalada la kamusi, kaka yako anajua. Kisha nitafungua. Nitamwambia masanduku hayo hapo, tafuta. Akiniuliza ipi ni ipi atakuta mzee aliyesahau kila kitu, asiyejua hata kama wewe ulizaliwa.

Ukija siku moja kuidai, niulize wewe mwenyewe. Sanduku gani, upande gani, ya ngapi kutoka juu, nitakwambia nimefumba macho.

Mjomba wako